Baba, Swali la Saketi Nililijibu

Baba,

Mtihani niliufanya, wiki tatu tu baada ya kukuzika. Mama alitaka niombe kuahirishiwa, nikakataa. Kushinda nyumbani hapa Thamesmead, Landani, koti lako la kazini likiwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, kulikuwa kugumu zaidi.

Swali la nne lilitaka nieleze tofauti kati ya saketi ya kuhesabu inayobadilika hatua kwa hatua na ile inayobadilika yote kwa pamoja. Kalamu ikanigoma. Nilikuona jikoni, Jumapili ile ulipotupanga mstari, Mama, mdogo wangu Zuhura, na mimi. Tanga ulikuwa mwalimu wa umeme. Landani ikakupa fagio la kusafishia mabasi. Siku ile ukawa mwalimu tena.

"Kusimama ni moja, kuketi ni sifuri. Thamani ya Mama ni moja, ya Zuhura mbili, yako nne; jumlisheni za waliosimama."

Kwanza ulikuwa unamgusa Mama peke yake, na anayeguswa anabadilika: aliyeketi anasimama, aliyesimama anaketi. Mama akiketi, anamgusa Zuhura. Zuhura akiketi, ananigusa mimi. Kutoka tatu kwenda nne, Mama akaketi, Zuhura akaketi, ndipo mimi nikasimama, nimechelewa.

"Anayesoma hapo katikati anapata mbili, mara sifuri," ulisema. "Kila mmoja anamngoja mwenzake, na kuchelewa kunazidi kujumlishana."

Kisha ukatuambia kila mmoja awatazame waliomtangulia: wakiwa wote wamesimama, ajue zamu yake ya kubadilika imefika. Tukarudi kwenye tatu, ukagonga meza mara moja. Sote tulisikia, sote tukabadilika papo hapo. Nne! Mama alicheka mpaka akaegemea friji.

"Hii inataka vifaa zaidi," ulisema, "lakini haidanganyi njiani."

Niliandika hivyo hivyo, Baba. Karatasi ililowa machozi.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumanne ile ulipotaka kunionyesha tena kwa nyaya na taa zako ndogo, nilikukatiza: "Dad, please, hayo ni ya zamani. Nitaangalia video." Ulikusanya nyaya zako taratibu. "Sawa, mwanangu." Kesho yake asubuhi ukaanguka kazini. Nilipofika hospitali, hakukuwa tena na wa kumwomba radhi.

Majibu yametoka leo. Nimefaulu. Mama aliposikia akageukia chumbani, akaita, "Baba Rehema, njoo usikie!" Kisha... akaziba mdomo kwa mkono. Tukaketi sakafuni pale pale kwenye korido, tukalia, Zuhura katikati yetu.

Nisamehe, Baba. Pumzika sasa, umechoka vya kutosha. Nakuahidi kitu kimoja: mtu yeyote akiketi nami kunifundisha, nitamsikiliza mpaka amalize, hata kama ninachoambiwa ninakijua.

Mwanao anayekupenda,
Rehema