Mbwa Aitwaye Chovai

Mpendwa Bi Mwanalima, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, kwa maana tangu juzi sikai nikatulia, nikipika naunguza, nikiswali nasahau niko rakaa ya ngapi, na sababu yenyewe naona haya hata kuitaja: ni mbwa.

Baba yetu, mzee Athman, alikuwa fundi wa madau hapa Kismayo, kisha vita vikamtoa yeye na mama, wakakaa kambini Kenya na baadaye wakachukuliwa Ulaya, na mimi na kaka yangu Nabil tukabaki kwa mama mdogo tukiambiwa tutafuatwa, tusifuatwe, karatasi hazikutoka. Mama akafia huko. Mwaka huu baba amerudi, tukamkumbatia tukalia, lakini hakurudi peke yake, alikuja na teria, yaani mbwa mdogo wa Kizungu mwenye ndevu na nyusi kama mzee aliyenuna.

Jina lake Chovai. Mama ndiye aliyempa, na wewe unajua Chovai ni kisiwa cha kwao mama, basi baba akimtembeza pwani asubuhi kabla mchanga haujapata moto, na tena alasiri, huita kwa sauti, "Chovai, njoo, Chovai, wacha uchafu huo," na wavuvi wa Chovai wanaoshusha samaki pale wakaona wanatukanwa, mmoja akamjia baba akamuuliza kama majina ya mbwa yamekwisha duniani.

Hilo lingepita, kilichotumaliza ni manyoya. Kaskazi ilipokolea mbwa akawa kutwa ulimi nje, baba akasema huko walikuwa wakimnyoa kila joto likiingia, akatoa stoo mashine kuukuu ya Nabil, ambaye ni kinyozi, mimi nikamshika mbwa, tukamnyolea mlangoni penye kivuli bila kufikiri. Mteja wa kaka akapita akaiona ile mashine. Kufika alasiri mtaa mzima unasema Nabil ananyoa mbwa na ndevu za waumini kwa mashine moja. Kaka kwa hofu akaziosha mashine zake zote za dukani mara saba, moja kwa mchanga, kama vyombo vya kulia, na mchanga ukaziua. Sasa kiti cha dukani kitupu, yeye anakaa mlangoni anahesabu wanaopita wakienda kwa mwingine.

Kaka anataka Ijumaa, baba akiwa msikitini, nimfunge mbwa kamba nimkabidhi kwa watu wa boti wanaokwenda Ras Kamboni, wamwache huko, na baba tumwambie ametoroka. Eti nifanye mimi kwa sababu mbwa hanikimbii, na ni kweli, siku ya kwanza aliposikia nazungumza alinijia akalala miguuni pangu, sijui kwa nini. Nilimgusia baba habari ya kumwondoa, akanitazama akasema kwa lahaja yetu ya nyumbani, "Mimi si mchu wa kumwata mwenzangu. Akenda yeye, nami nenda." Hatamwacha, najua atarudi Ulaya kweli, afie huko kama mama.

Na nikwambie la moyoni: namwonea wivu yule mbwa. Ameishi na mama miaka ambayo mimi nilimsikia kwa simu tu. Nimjibu nini kaka?

Wafaa, Kismayo

BI MWANALIMA ANAJIBU

Wafaa mwanangu, pole sana, na sasa nikugombeze.

Mjibu kaka yako hapana, na umjibu leo. Mnataka kumvizia mzee akiwa kwenye swala? Atatoka msikitini, ataanza kuzunguka pwani akiita jina la kwao mama yenu, na wewe utakuwa jikoni unajua mbwa alipo. Kama leo unaunguza chakula, siku hiyo utaiunguza nyumba.

Baba yako naye kakosea, mwambie kwa adabu. Kwao ni hapa, na hapa watu wana desturi zao. Mbwa ajengewe banda uani, mkono wa fundi madau haujasahau mbao. Asiingie ndani, chombo chake kiwe mbali na vyenu, na mambo ya twahara muulizeni shehe wenu, msijitungie sheria. Aliyemwambia Nabil aoshe mashine nzima kwa mchanga nani? Hofu tu. Ile kuukuu iwe ya mbwa, ifungwe kitambaa chekundu, isikanyage dukani. Anunue mpya, aifungue kwenye boksi lake mbele ya watu, na wa kwanza kukaa kitini awe imamu, aombwe kwa heshima. Midomo ya mtaa mzima itafungwa na kidevu cha imamu. Na mkimnyoa tena, msimfikishe kwenye ngozi, mwachieni manyoya kidogo, jua letu linaunguza hata mbwa.

Sasa lililobaki. Kuhusu mashine umeandika mengi, kuhusu jina ukapita mbio. Mama yako alikaa mahali ambapo hakuna jirani aliyewahi kusikia neno Chovai. Akampa mbwa jina hilo apate kulitaja kila asubuhi na kila jioni, na awepo wa kumgeukia akilitaja. Hakumtukana mtu, alikuwa na hamu ya kwao. Waeleze wavuvi hivyo, waambie ni binti wa kwao, watanyamaza.

Wivu wako sikulaumu. Wewe na Nabil mlinyimwa mama, na hakuna atakayewarudishia miaka hiyo. Lakini mnataka kumpakia botini mmoja wa wawili waliokaa naye nyumba moja, na baba naye amfuate. Mtabaki na nini?

Kesho alasiri jifunge buibui lako ufuatane na baba, umwombe uishike kamba wewe. Muulize mama alikuwaje mwisho wake, na usikilize mpaka amalize. Nabil akitaka kuja, aje, hata kama amenuna. Mkifika pwani mfungue mbwa, mwache akimbie mbali, kisha baba akae kimya umwite wewe. Umesema hujui kwa nini alikujia siku ya kwanza aliposikia unazungumza. Mwite Chovai, uone atakavyorudi mbio. Sauti hiyo anaijua, mwanangu, ni ya mama yako.