Ulimi wa Klarineti

Kaka Joram,

Nakuru ni vumbi na muziki mbovu. Kwenye mkutano huu wa bendi kuna mzee anayejigamba kwamba amefundisha klarineti tangu vita vya kwanza vya dunia. Koti lake limeliwa na nondo, meno ya mbele hana, na tangu asubuhi anatufokea tu, hajapuliza hata mara moja. Nikamcheka. Akaninyang'anya klarineti, akaikagua.

"Huu ulimi wa tete, hiki kibao cha mdomoni kinacholia, umeufunga juu! Unakaa chini! Mjinga gani alikufundisha?"

Akaugeuza. Nikapuliza, ikalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu uninunulie.

Sikukutaja, kaka. Baridi ya Elburgon isikuumize. Msalimu mama, na tafadhali, usimfundishe mtu mwingine.

Mdogo wako,
Elia