Mashua Juu ya Tela

Alhamisi, 22 Novemba 1956

Imekwisha! Msumari wa mwisho nimeupiga leo baada ya adhuhuri, hapa uani kwangu Pongwe. Mashua kweli kweli. Wale wa Chumbageni wanaosema Fundi Idarusi anajua vitanda tu, waje waione. Mimi nimejenga madaraja vitani Bama, nimekanyaga Kalkuta na Kolombo, nimekula samaki wa mito ambayo hata mwalimu wangu wa darasa la nne hajui majina yake. Kimashua cha mkwe kitanishinda?

Ni cha mzee Uweso, baba yake mke wangu Mwamvua, kule Tongoni. Chake kilivunjika mwambani mwaka juzi, nami nikaapa mbele ya watu kwamba nitamtengenezea kingine. Mwaka jana nikaapa tena. Mwezi wa sita mke wangu akafunga nguo zake akarudi kwao. Akasema, siku mashua ya baba itakapoelea, njoo unichukue. Kabla ya hapo, lala na maneno yako.

Nimelala nayo. Hayana joto hata kidogo!

Ijumaa, 23 Novemba

Baada ya sala jirani yangu Sadalla kaniuliza nimewaalika wangapi kuja kushua mashua majini. Nikamcheka. Mambo ya kizamani hayo — kuita mji mzima, kamba, nyimbo, ubwabwa, dua. Ya nini kuwatoa watu jasho? Asheri, dereva wa shamba la mkonge, kapewa ruhusa ya trekta na tela. Tunarudi kinyumenyume, tela linaingia majini, mashua inaelea yenyewe. Nimewaona Wazungu wa Kolombo wakifanya hivyo. Niliwaona kwa mbali, kutoka juu ya meli. Lakini niliwaona.

Jumapili ndiyo siku. Asheri hana kazi Jumapili.

Jumapili, 25 Novemba

Ee Mola.

Tumeondoka Pongwe alfajiri. Asheri kaacha ibada kwa ajili yangu, Mungu wake amsamehe. Njiani watoto wanatukimbilia, mimi nimesimama ndani ya mashua juu ya tela, nimevaa kofia yangu ya jeshi, napunga mkono kama gavana. Kufika Tongoni — watu tele ufukoni! Nikadhani wamekuja kunishangilia. Wamekaa tu, mikono magotini.

Nikamwamkia mkwe. Shikamoo baba. Marahaba, kasema, na macho yake yako kwenye magurudumu. Mwamvua nilimwona nyuma ya wanawake wenzake, kajitanda kanga ya bluu. Hakucheka, hakununa.

Maji yalikuwa mbali. Nikasema si neno, tutayafuata. Nikamwelekeza Asheri: kulia! Akakata kulia, tela likaenda kushoto. Kushoto! Likaenda kulia. Mara ya nne tela na trekta vikakunjana kama kisu cha mfukoni. Mzee mmoja kauliza kwa sauti, "Kolombo nako huwa hivi?" Ufuko mzima ukaangua kicheko.

Mwishowe tulinyooka, tukashuka, tukashuka... tela likazama matopeni hadi kwenye ekseli. Maji yapo mbele kidogo tu. Tukangoja yapande. Hayakupanda! Yalisimama pale pale yakinitazama, kisha yakaanza kurudi.

Ndipo mkwe akasema polepole, leo mwezi wa mbinguni una siku ishirini na mbili, mwanangu. Maji mafu. Hayatafika hapo.

Nikamuuliza, baba, mbona hukuniambia? Akajibu, "Hukuniuliza. Hukumuuliza mtu. Ungewaalika watu ungeambiwa siku. Ulisema gari litafanya kazi, tukaja kulitazama gari."

Akaondoka. Mwamvua akamfuata.

Tumefungua trekta, tumeliacha tela na mashua yangu matopeni.

Jumatatu, 26 Novemba

Asheri kaja. Meneja kampa wiki moja, tela lionekane shambani Jumatatu ijayo. Nikampa shati langu la hariri la Kalkuta kwa taabu niliyomtia. Linambana kifuani, lakini kalivaa hivyo hivyo akaenda zake.

Sikupiga nyundo leo.

Jumatano, 28 Novemba

Semeni muuza samaki kanisimamisha sokoni. Anatoka Tongoni. Anacheka kabla hajafika. "Shemeji, gavana wetu, hujambo?" Nikamwambia kacheke mbele. Akasema, basi, nilitaka kukuambia habari za mkeo, lakini nakwenda.

Nilimshika kikapu!

Ati kila asubuhi maji yakishatoka, Mwamvua anajitwika ndoo, anakanyaga matope hadi magotini, anaimwagia mashua maji ndani na nje. Jua kali hili litazikausha mbao, viungo vitaachana. Anamwaga, anapapasa mbao kwa kiganja, anarudi kuteka tena.

Nimenunua samaki wote wa Semeni. Sijui nitawapeleka wapi.

Alhamisi, 29 Novemba

Nimekwenda Tongoni kwa miguu tangu Tanga mjini. Sikutaka kufika na gari lolote. Nikaketi mkekani kwa mkwe, nikasema: baba, nimekuja kuuliza. Siku gani?

Akanitazama mpaka nikatamani kutaja Bama. Nikanyamaza. Mimi! Kisha akasema, Jumapili hii, mwezi mwandamo, bamvua. Saa kumi jioni maji yatafika kwenye mikoko.

Nikapita nyumba kwa nyumba, kuwaomba watu waje kushua. Kila mlango niliulizwa habari za Kolombo. Kila mlango nilisema sijambo, karibuni ubwabwa.

Mwamvua alikuwa kisimani. Ndoo yake ina tope.

Jumapili, 2 Desemba

Naandika nimekalia madigadi ya trekta. Saa tisa na nusu. Asheri kaenda ibada kwanza, kisha kaja na trekta, kavaa shati la Kalkuta, kifungo kimoja kimekatika. Masufuria ya ubwabwa yamefunikwa, dua imesomwa. Watu wameshika kamba pande mbili — nimeambiwa kwamba mashua itanyanyuliwa na maji, bali tela ndilo litakalovutwa na watu. Tela langu la kisasa! Wanacheka mpaka wanakaa chini.

Maji yamefika kwenye magurudumu. Sasa yameyafunika. Mkwe yumo ndani ya mashua, peke yake, kapiga magoti anatafuta panapovuja. Panavuja kidogo mbele. Kasema kidogo si neno, mbao zitavimba. Lakini hajainua kichwa.

Yamefika ubavuni. Sidhani kama — imetikisika! Au ni mkwe tu kageuka?

Mwamvua kapita nyuma yangu sasa hivi. Kitu kimewekwa hapa kando, kwenye kiti cha dereva. Kitita cha nguo zake, kimefungwa kwa kanga ya bluu. Naye keshashuka majini, anashika kamba, ananiita mbele ya watu wote: "Fundi! Acha kuandika, njoo uvute ka—