Nailoni ya Kaseti ya Kulwa

Hamilton, Kanada
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako na barua mkononi, ndivyo ulivyo. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu unasemaje? Kaka Shija ameniambia siku hizi unapanda ngazi za kanisani bila kushikwa, ila ukiona watu wanakutazama unaanza kuchechemea ili uonewe huruma. Sitaki kumwamini, lakini namjua mama yangu. Mimi ni mzima. Baridi imenigawia mafua yasiyotaka kuondoka, basi, mengine yote ni neema.

Ningeweza kupiga simu. Ila habari hii nikianza kukueleza kwenye simu nitalia, nawe utalia, na mtandao utakatika hapo katikati. Kwa hiyo nimeiandika. Isome ukiwa umekaa.

Ziwa la huku limeganda kando ya bandari. Leo ukungu umeshuka mpaka dirishani, ng'ambo haionekani kabisa, na nikikaa hapa na kikombe changu cha chai naona kama ng'ambo yenyewe ni sokoni Mwaloni. Nasikia wanawake wananadi dagaa. Naona mawe yetu, na mijusi wale wenye vichwa vyekundu wamejianika juani bila haraka. Kisha ukungu unasogea kidogo, naona maghala na magari, nacheka mwenyewe. Ndivyo ninavyoishi huku, Mama, nusu macho, nusu ndotoni. Wenzangu wameshanizoea.

Kazi yangu umeniuliza mara nyingi na sijawahi kukueleza vizuri. Shija anawaambia watu natengeneza gemu. Sitengenezi. Huku kuna watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wanaotafuta gemu za kaseti za utoto wao, na wanazitaka zikiwa bado kwenye nailoni ya kiwandani, hazijawahi kufunguliwa. Ukiwauliza watazicheza lini, wanakushangaa. Wanaziweka kabatini wanazitazama. Wewe na vyombo vyako vya wageni mngeelewana nao sana. Sasa wapo wajanja wanaochukua kaseti iliyokwisha kuchezwa, wanaifunga nailoni upya, wanaiuza kama mpya. Mimi na mzee Gordon, mwenye karakana, kazi yetu ni kusema ipi ni ya kweli na ipi imefungwa upya, bila kuifungua.

"Usianze na boksi," alinifundisha Gordon. "Anza na nailoni, iulize ina umri gani. Halafu liulize boksi. Majibu yakitofautiana, mmoja wao anadanganya." Nailoni ya kiwandani ina mshono mmoja ulionyooka mgongoni mwa boksi, na ncha zake zimekunjwa na mashine, kila boksi sawa na jingine. Ya wajanja huwa inalegea, au inabana mpaka boksi linapinda. Na lipo kosa wanalolisahau karibu wote: unakuta pembe za boksi zimechakaa, lakini nailoni iliyo juu yake haina hata mkwaruzo. Boksi haliwezi kuchakaa pembe likiwa limelala ndani ya nailoni nzima.

Basi, kaseti uliyompa binti wa jirani anayesoma huku ilifika salama, imeviringwa kwenye kitenge chako. Kitenge nilikinusa kwanza. Hicho sahau, sikirudishi.

Maneno yako siku ulipoituma bado ninayo masikioni. "Doto, mimi nahamia kwa Shija, Kiseke, na kile kitu sikiwezi tena. Kila nikifungua kabati kinanitazama. Wewe si ndiyo kazi yako? Kama ni ya kweli, wape hao wanaozipenda. Ila usiifungue, mwanangu. Mwenzako hakuifungua, na wewe usiifungue."

Kisha ukanieleza jambo ambalo hukuwahi kuniambia tangu tukiwa wadogo. Kwamba Kulwa aliiomba. Kwamba yule fundi Mzungu wa mashine za barafu alipomaliza mkataba wake kwenye kiwanda cha samaki, akamwachia Baba mashine ya gemu ya watoto wake na kaseti moja mpya, Baba alisema itafunguliwa siku mapacha wote wawili wapo. Hapo surua ikawa imemshika Kulwa, na mimi nimepelekwa Magu kwa Bibi ili isinipate. Alikuwa analala sebuleni kwenye mkeka, anaitazama kaseti kupitia kioo cha kabati, akakuomba.

"Nikamwambia subiri pacha wako arudi," ulisema. "Mtoto anaumwa, Doto. Kitu kidogo vile, nikamnyima. Akaondoka nacho moyoni."

Kumbe ndiyo maana kila ukienda kaburini kwake unamwomba radhi. Siku zote nilidhani unasali, Mama. Iliniuma sana.

Niliiweka kaseti mezani kama ya mteja yeyote. Nyumbani hakuna aliyewahi kuishuku nailoni yake, na tungeishukuje? Kila kitu kwetu kilikuwa ndani ya nailoni. Marehemu Baba alifungasha minofu ya sangara kiwandani, akawa anaruhusiwa kuchukua vipande vilivyobaki, na hakuna kilichopona: Biblia, redio, rimoti, picha yenu ya harusi, madaftari yetu. Anakunja, anaweka gazeti juu, anapitisha pasi ya mkaa. "Vumbi la Kirumba halina adabu," alikuwa anasema. Sofa nazo mlizikataza zisivuliwe nailoni ya dukani, joto likizidi mgeni ananata mapaja na anaona aibu kuinuka.

Gordon hakuitazama sana. "Pole, Doto," akasema. "Imefungwa upya."

Mshono ulikuwa ubavuni, haukuwa mgongoni, na ulikuwa umepinda kidogo. Pembe za boksi zimelainika. Kifuniko cha juu kina mstari mweupe pale kilipokunjwa, maana yake kilishafunguliwa. Nilitaka kumbishia kwa sababu ni kitu cha nyumbani, lakini nilikuwa nimeshaziona ncha za nailoni, pembetatu mbili zinazolaliana, ya kushoto ikiwa juu. Nimebeba madaftari yenye mkunjo huo tangu darasa la kwanza. Ule ni mkono wa Baba.

Nikawaza, labda aliifungua baadaye, baada ya msiba, kwa majonzi yake tu. Nikachukua lenzi. Chini ya nailoni, kwenye boksi lenyewe, karibu na kifuniko, kuna alama ya kidole. Ni kidogo, cha mtoto, na rangi yake ni zambarau. Mama, ile dawa ya zambarau mliyokuwa mnampaka Kulwa mdomoni kwa ajili ya vidonda, unaikumbuka? Mimi niliporudi kutoka Magu niliikuta kwenye foronya yake, na ulikuwa hutaki foronya ile ifuliwe. Nyumba nzima ile, vidole vya rangi hiyo alikuwa navyo mtu mmoja.

Nikakaa chini. Gordon akainuka. Akaenda kwenye rafu, akaleta kaseti nyingine ya gemu hiyohiyo, iliyokwisha kuchezwa na watu wengi, akaichomeka. "Angalau uone ilikuwa gemu gani," akasema.

Akatokea sungura amekalia mwezi mwandamo. Anapita taratibu katikati ya mawingu, anaokota nyota, wala hana anayemfukuza. Kisha muziki ukaanza, na Mama, ulikuwa ule mluzi wa Baba. Ule aliokuwa anaupiga akinyoa ndevu. Wewe ukimuuliza, "Baba Kulwa, huo ni wimbo wa kanisa gani?" anacheka, anasema ni wa kiwandani. Ulikuwa huohuo, mpaka pale anapopanda juu halafu anashuka ghafla. Gemu ile sijawahi kuiona kwa mtu mwingine yeyote Mwanza. Na wimbo mrefu namna ile huushiki kwa kuusikia mara moja.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, naliona kama niko mlangoni. Wewe uko Mwaloni na beseni lako. Baba ametoka zamu. Pazia limeshushwa kwa sababu mwanga unamuumiza Kulwa macho, na TV imepunguzwa mwanga. Amemwegemea Baba kifuani, vidole vya zambarau viko kwenye vitufe, na sungura anapita mawinguni, anaanguka, anapanda tena. Wakimaliza Baba anarudisha kila kitu kwenye boksi, anawasha pasi. Alitaka nikirudi niikute mpya, na mimi nifungue kipya. Naamini hakujua kwamba Kulwa alikuwa ameshakuomba wewe ukakataa. Angejua angekuambia. Nawe hukumwambia kwa uchungu. Kila mmoja wenu akabaki na lake.

Kwa hiyo majibu ya ulichonituma ndiyo haya: kaseti yetu si ya kweli. Tumekuwa na kitu cha uongo kabatini miaka yote hii, na mimi namshukuru Mungu kwa uongo huo. Hukumnyima, Mama. Ulisema hapana kama mama yeyote angesema, na mtoto akaenda kwa baba yake kama mtoto yeyote anavyofanya.

Gordon aliniuliza aiweke kwenye rafu gani. Nikamwambia hii haina mteja. Sijaifungua wala sitaifungua. Nikija likizo naibeba mwenyewe, uione alama ile kwa macho yako. Lenzi nitaazima.

Nisalimie kaka Shija, na wifi yangu anayekuandalia chumba huko Kiseke. Mwambie asikubali ulete vyombo vyote, havitaenea. Nisalimie mama mdogo Ester, mdogo wako, anayekushikia meza ya dagaa, asipunje wateja wakati hupo. Bibi wa Magu mwambie mjukuu wake bado anavaa ile sweta, inachekesha watu lakini haipitishi baridi. Na jirani, mama wa yule binti aliyeniletea mzigo, mwambie mwanawe anasoma vizuri na anakula.

Na ukienda kwa Kulwa, Mama, usimwombe radhi tena. Muulize tu alifika hatua ya ngapi.

Mwanao,
Doto