Mama, Namba ya Nchi Unayo Wewe

Mama, shikamoo. Nimefika salama. Baridi ya Nairobi haijaniruhusu kuvua sweta, lakini kilichonitetemesha jana ni wewe.

Baada ya mkutano wetu wa polisi kuhusu uhalifu wa mtandaoni, inspekta mmoja Mkenya alinipeleka Kenyatta Market kula nyama choma. Nikiwa nimeshika ubavu wa mbuzi kwa mikono miwili, akapigiwa simu: jamaa anayemtishia binti wa mtaa wa Muthangari, hapa Nairobi, kwa barua pepe amekaa intaneti kafe ya mjini kwetu, sasa hivi! "Hakuna shida, madam, si tuko na mkataba," akaniambia. Kwa mkataba huo wa polisi kusaidiana, kila nchi ilitoa namba moja ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Akapiga ya kwetu, akafungua spika.

Mama, ukapokea wewe!

Ile simu ya ofisi niliyokuachia, kumbe bosi aliitoa namba ya simu hiyo kuwa ndiyo namba ya nchi, bila kuniambia. Inspekta akasema, "Mimi ni polisi, naongea kutoka Nairobi." Ukamjibu, "Tapeli mkubwa wee, mwanangu alishaniambia habari zenu!" Ukakata. Nilipopiga mimi, ulishaizima, kama nilivyokufundisha. Nikauweka ubavu chini. Kabla sijampata mtu mwingine huko, jamaa akaondoka zake, na yule binti bado hapati usingizi kwa hofu.

Hukukosea, mama yangu, nakupenda. Ila mpaka nirudi, Mkenya akipiga usimtukane. Msikilize, kisha mkimbilie yule afande jirani yetu. Kwa sasa nchi nzima ni wewe. Simu iwe na chaji.

Mwanao,
Neema