Bahasha ya Hamsini na Moja

Mtaa wa Stesheni,
Dhutrabari,
Mkoa wa Rangpur,
Bangladesh.

3 Oktoba 2009

Mpendwa mpwa wangu Tahmina,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo Alamgir, na kwamba joto la Kuwait limeanza kupungua. Kifua chako je, kile kilichokuwa kikikubana, kimepata nafuu? Sisi huku hatujambo. Goti langu linauma kila mvua ikinyesha, na mkaza mjomba wako Jobeda bado ananigombeza kwa ajili ya tambuu. Mpunga umesimama vizuri, na mwaka huu mto haukulila shamba letu.

Nimeipata barua yako ya mistari mitatu: kwamba dada yako Morsheda asikupigie simu tena, kwamba amemuua shemeji yako Milon kwa sumu, kwamba huna dada. Sikumwonyesha. Aliona stempu ya Kuwait mezani, akajua.

Waliokusimulia ni watu wa upande wa mumeo, na siwalaumu, kwa sababu wamezika. Lakini mimi nilikuwapo siku ile, na nimefundisha takwimu chuoni miaka thelathini na mmoja. Basi nivumilie nikueleze polepole, kama nilivyokuwa nikikueleza hesabu za sehemu ulipokuwa darasa la tano, unalia huku umeuma penseli.

Milon alikanyaga msumari kwenye tanuri la matofali analolisimamia baba mkwe wako, Torab Ali. Siku ya tatu taya likakaza. Alipofikishwa hospitali pepopunda ilikuwa imemshika mwili mzima. Mgongo ulipinda kama upinde, kisogo na visigino tu ndivyo vilivyogusa kitanda. Mlango ukigongwa, anakakamaa upya. Nilisikia jino lake likivunjika kutoka upande wa pili wa wodi. Wanaume wanne walimshika, na bado alijirusha. Na akili yake yote alikuwa nayo, Tahmina. Pepopunda haimpi mtu hata huruma ya kuzimia.

Sasa elewa jambo hili. Hospitali yetu ilikuwa moja kati ya tano zilizokuwa zikijaribu dawa ya dripu inayolegeza misuli. Kila mgonjwa alioshwa kidonda na kupewa kinga na dawa ya usingizi, bila ubaguzi. Juu ya hayo, nusu walipata dripu ya dawa na nusu dripu ya maji ya chumvi yanayofanana nayo. Nani apate ipi, iliamuliwa kwa kura. Bahasha zilizofungwa, zenye namba, zilifunguliwa kwa kufuata namba. Morsheda peke yake, kama mtunza dawa wa jaribio, ndiye aliyezifungua na kuchanganya dripu, madaktari hawakujua ipi ni ipi.

Utauliza, kwa nini kura, kwa nini asipewe anayeumwa zaidi? Kwa sababu kura haina shemeji. Haimjui tajiri wala anayekaribia kukata roho. Ukigawa watu kwa kura, na wakiwa wengi wa kutosha, makundi mawili yanafanana kama vikapu viwili vya mchele wa gunia moja. Mwishoni kimoja kikizidi, ama ni dawa, ama ni bahati tu, na bahati tunajua kuipima.

Milon alifariki siku ya sita, Jumanne asubuhi. Mimi nilikuwa katika kamati ya watu watatu tunaolinda usalama wa wagonjwa wa jaribio, na Jumanne ndiyo siku yangu ya kukagua rejista. Nilikuwa nimekaa na Morsheda wakati watu wa tanuri walipoingia, wapata arobaini, na mianzi na matofali.

Mlinzi wetu Nripen alinyoosha mikono mlangoni. Tofali lilimpata usoni kabla hajasema neno, na taya likavunjika mara mbili. Walimpita juu.

"Toa!" Torab alimfokea dada yako. "Toa nione ulimtilia nini mwanangu!"

"Baba, ngoja nikueleze..."

"Usiniite baba! Nani baba yako, mchawi wewe?"

Nikasimama. Kijana mmoja akanizaba kofi, miwani ikaruka, akaikanyaga. "Mwalimu, kaa chini kabla hatujakukalisha." Nikakaa, Tahmina. Nakuandikia ujue kwamba nilikaa.

Walivunja kabati, wakaitoa rejista. Karani wa tanuri, aliyesoma kidogo, akahesabu kwa sauti huku wengine wakimfuatisha kama darasa. Waliopewa dawa ishirini na sita, waliokufa kumi na wawili. Waliopewa maji ishirini na sita, waliokufa saba.

"Kumi na wawili kwa saba," karani akasema. "Hata kuku anajua ipi nyingi."

Hapo ndipo walipoanza kweli. Torab aling'oa chuma cha kutundikia dripu. Pigo la kwanza Morsheda alilikinga kwa mkono wa kushoto, na mfupa ukatoka nje ya ngozi. Walimvuta kwa nywele hadi zikabaki mkononi mwa mtu, wakampiga mateke ya mbavu, na mwanamke mmoja akamvua kiatu akampiga nacho mdomoni. Wagonjwa wawili wa pepopunda, ambao hawakuwamo katika jaribio, kwa makelele yale walikakamaa vitandani na hakuna aliyewatazama. Mmoja wao hakufika adhuhuri. Polisi walipofika, Torab alikuwa amekaa sakafuni kwenye damu, chuma kikiwa magotini, akiimba jina la mwanawe.

Karani alihesabu sawasawa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Walihesabu sawa na wakavunja mkono usio na sumu.

Nilirudi kwenye ile rejista wiki iliyofuata, na miwani ya kuazima. Hesabu ya vifo haisemi kitu kabla hujauliza: walioingia walifanana? Katika pepopunda, anayekaza ndani ya siku chache baada ya jeraha ana hali mbaya kuliko anayekaza baada ya wiki. Nikawatenga. Upande wa dawa, wenye hali mbaya kumi na tisa kati ya ishirini na sita. Upande wa maji, wanane tu. Kura halali ingeweza kutupa tofauti kama hiyo, ndiyo, kama sarafu inavyoweza kuanguka upande mmoja mara nyingi mfululizo. Lakini si zaidi ya mara tano katika majaribio elfu moja. Nikatazama tena: wenye hali mbaya waliopewa dawa, walikufa kumi na wawili kati ya kumi na tisa. Wenye hali mbaya waliopewa maji, sita kati ya wanane. Wenye nafuu waliopewa dawa, saba, hakufa hata mmoja. Wenye nafuu waliopewa maji, kumi na wanane, akafa mmoja. Unaona? Kila kundi peke yake, dawa haikufanya vibaya. Ukiwachanganya, inaonekana muuaji, kwa sababu ilibebeshwa wanaokufa. Hawa ni wachache mno kuthibitisha kitu, lakini walitosha kunifanya nitazame namba za bahasha. Hazikufuatana. Tarehe sita, hamsini na mbili. Tarehe saba, hamsini na moja.

Nikaenda kitandani kwake. "Morsheda, ulikuwa unazitazamaje?"

Hakubisha. "Kwenye sanduku la taa la eksrei, Mjomba. Ukiibandika bahasha pale, neno linasomeka kama mfupa."

"Tangu lini?"

"Tangu mgonjwa wa nane. Alikuwa mama mjamzito, anakakamaa, na bahasha inasema maji. Ningefanyaje? Nikaiweka kando."

Tangu hapo, mwenye hali mbaya alipata bahasha ya dawa, na za maji zilisubiri wenye nafuu. Ni huruma, lakini ndiyo iliyowapa wale watu kumi na wawili wao. Nilimfokea, Tahmina. Nilimfokea mtu mwenye mbavu tatu zilizovunjika, hadi nesi akanitoa nje.

Wiki iliyopita hospitali nne nyingine zilimaliza, na kamati ikafungua orodha. Kule, ambako hakuna aliyechungulia, waliopata dawa walikufa arobaini na tisa kati ya mia mbili na tano. Waliopata maji, sabini na wanne kati ya mia mbili na tano. Katika kila mia, dawa imeokoa kama kumi na wawili. Sitakudanganya kwamba ni kumi na wawili hasa. Bahati ingali na mkono wake, kwa hiyo tunasema huenda ni watatu, huenda ishirini na mmoja, na ukweli uko mahali humo. Tukiingiza wagonjwa wetu wa Dhutrabari, upande wa chini unashuka hadi karibu na sifuri. Wagonjwa hamsini na wawili, na huruma ya mtu mmoja, nusura waizike dawa nzuri. Tumeripoti hesabu zote mbili na sababu yake. Morsheda mwenyewe alitia saini, kwa mkono wa kulia. Kazi ameshaipoteza.

Polisi walimshikilia baba mkwe wako siku kumi na moja. Morsheda alikataa kumshitaki, watu wakamsifu kwa moyo mwema. Mimi nilijua sababu nyingine. Baada ya Idi aliniomba nimpeleke nyumbani kwake.

Torab alikuwa uani akinoa panga la kukatia mianzi. Alituona, hakuacha kunoa. Morsheda alisimama, mkono umefungwa shingoni.

"Bahasha ya Milon ilisema maji," akamwambia. "Namba hamsini na moja. Nikaiweka kando, nikamchukulia ya hamsini na mbili, ya dawa. Kwa kuwa ni shemeji wa Tahmina. Sikumpa sumu. Niliiba kwa ajili yake."

Panga likasimama. Nilidhani Morsheda amekwisha, nikasogea mbele yake. Safari hii sikukaa. Torab aliinuka, akalipiga panga kwenye nguzo ya mwanzi ya nyumba, tena na tena, vipande vya mwanzi vikiruka hadi usoni kwetu, mpaka paa likalia na mama mkwe wako akatoka akipiga kelele. Kisha akauliza, akihema:

"Ulimwibia nani?"

Hilo ndilo swali ambalo mimi, mwalimu wa takwimu, sikuwa nimemuuliza.

Ile ya hamsini na moja, ya maji, ilimwangukia mgonjwa wa kesho yake: Asiya, mke wa Keramot, mfumaji wa mataulo wa ng'ambo ya mto. Alikuja na hali ya nafuu, anaongea, anataka chai. Koo likamkaba siku ya tatu. Yeye ndiye yule mmoja kati ya kumi na wanane. Je, dawa ingemwokoa? Sijui, wala hakuna ajuaye. Hesabu inajua habari za watu mia. Asiya haimjui, na Milon haimjui.

Keramot hajui lolote. Morsheda anataka kwenda kumwambia Ijumaa hii, tarehe tisa, baada ya sala. Keramot ana kaka wanne, na wote ni wepesi wa kupiga. Nimembembeleza amwache Mungu amalize. Amenijibu, "Mjomba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba aliyekufa hafutwi kwenye orodha." Basi nitakwenda naye. Torab Ali ametuma neno kwamba naye atakuwa kivukoni. Hakusema kuja kufanya nini, na sikuthubutu kuuliza.

Barua hii ninampa Kashem, mwana wa fundi saa, anayeruka Jumatatu, itakufikia Jumanne. Sikuombi umsamehe. Nimekupa hesabu yote, pamoja na zile zinazomuumiza, nawe una akili. Lakini mpigie simu kabla ya Ijumaa. Hata ukimtukana, mpigie. Asivuke mto ule akidhani hana dada.

Mkaza mjomba wako Jobeda anakusalimu na anauliza kama shali ilifika. Nripen anakusalimu, anakunywa uji kwa mrija na anacheka kwa macho. Nisalimie sana Alamgir, mpe pole ya mdogo wake, na msomee haya yote, usimfiche neno.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akurudishe mlangoni petu ukiwa mzima.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye tangu ukiuma penseli,

Mokhlesur Rahman