Pepo Aliyepewa Shikamoo

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini ni wewe uliyenifunza kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amekununia. Mimi sijui kufa ni kununa au ni nini. Kwa hiyo shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao Zuhura na kwa sababu ya kitabu changu, maana mambo hayo mawili yameshikana na siwezi tena kuyatenganisha.

Kitabu chenyewe kimetoka kwako. Unakumbuka uani kwetu Bagamoyo, wewe umekalia mbuzi unakuna nazi, mimi nachambua mchele, na zile hadithi zako? Msichana ni yule yule kila siku. Jeuri, mdomo wake haufungiki, hana haya. Wanamsingizia, wanamfukuza, anafia huko porini, halafu anarudi jini. Na akirudi sasa, Mtume! Shangazi aliyemsengenya anaamka ulimi umevimba, hauingii kinywani. Mwalimu aliyemchapa bure, mkono wake haushuki tena, anakwenda nao juu mpaka sokoni kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mimi nilikuwa nacheka mpaka mchele unamwagika. Wewe hukuwa unacheka. Ulikuwa unakuna mpaka kifuu kinakwaruza. Siku moja nikakuuliza kwa nini msichana wako hasamehi hata mara moja, ukanijibu bila kuinua uso, "Amsamehe nani, na nani amemwomba?"

Ukaja ule mwaka baba alipotaka kukuoza kwa rafiki yake wa Makurunge. Ulisema hutaki, unataka kusoma. Ulimwambia mama jikoni, ukamwambia baba barazani, ukasema tena mbele ya wageni walioleta posa. Jibu lilikuwa lile lile: mtoto huyu ana jeuri. Ukaacha kula. Ukawa unapiga kelele usingizini. Hapo jeuri ikabadilishwa jina, wakasema ana pepo, na fundi wa kupunga akaitwa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Ngoma zinapigwa uani, wewe umefunikwa shuka jeupe gubigubi, ubani unatutoa machozi. Pepo akapanda. Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa nzito mpaka nikamshika mama mkono. Na baba yetu, baba yule yule ambaye hakuwahi kukuacha umalize unachosema, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema. "Unataka nini?"

"Marahaba," ukamjibu. "Sitaki kiti changu kiolewe. Nataka kisome."

Kiti ni wewe, yule anayekaliwa na pepo. Baba akasema, "Tumesikia." Posa ikarudishwa wiki ile ile, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Siku chache baadaye tulikuwa tunafua kisimani, ukaniinamia sikioni. "Somoe, sikuongeza hata neno. Ni yale yale niliyoyasema jikoni." Ukamwigiza baba alivyopiga magoti, tukacheka hadi tukakaa chini kwenye maji ya sabuni. Halafu ghafla ukalia. Sikukuuliza kama pepo alikuwepo au hakuwepo, na leo pia sikuulizi. Ninachojua mimi ni kwamba baba alimpa shikamoo.

Ukasoma. Ukafika hadi chuo cha uvuvi Mbegani, ukaolewa na mtu uliyempenda mwenyewe, ukamzaa Zuhura. Lakini yule pepo hakuondoka vinywani mwa watu. Ukikasirika, pepo huyo. Ukicheka, leo ametulia. Ukitoa wazo la maana kwenye kikao cha ukoo, wanatazamana. Uliniambia siku moja, "Nimechoka, mdogo wangu. Nikisema jambo wananitazama juu ya kichwa kumtafuta anayesema."

Kisha ile mimba ya pili, ukaja kwa baba kujifungulia. Kichwa kikakushika, miguu ikavimba, macho yakawa yanaona ukungu. Ukaomba upelekwe hospitali. Wakaleta marashi na ubani, wakakuuliza, bwana mkubwa, kuna nini, tumekukosea wapi? Ukawaambia, "Kichwa ni changu mimi, jamani. Ni mimi Mwanaidi nasema." Wakasema mnamsikia, anakataa, ndiyo dalili hiyo. Mimi nilikuwa nafundisha Chalinze, nikafika umeshafunikwa shuka jingine jeupe. Kwenye matanga nikawasikia watu wazima wanasema pepo amechukua kiti chake. Nikaenda kukaa jikoni peke yangu.

Nina hasira, dada. Sizungushi maneno. Nimekaa nayo miaka yote hii, na ndiyo iliyokiandika kitabu. Ni hadithi ya vijana, wanafunzi wangu wanazipenda hizo za majini na visasi. Nilimwua msichana sura ya kwanza ili arudi sura ya pili. Shangazi nikampa ulimi wake. Baba mtu nikampigisha magoti kitabu kizima, na haki ya Mungu nilikuwa natabasamu ninapoandika.

Sasa Zuhura. Tangu uondoke anakaa nasi hapa kwa baba, yuko kidato cha pili. Ana mdomo wako, sikufichi. Juzi babaye, aliyeoa tena na kuhamia Ubena, akatuma watu: mtoto aache shule, aende akamlelee mama wa kambo watoto. Zuhura akawajibu pale pale barazani, wageni hata chai hawajanywa. "Siendi. Kama anataka yaya, atafute yaya." Loh! Wazee wakashika vichwa. Kufika jioni neno limeshazunguka mtaa mzima: pepo wa mamaye huyo, amemrithi. Baba akatuma aitwe fundi.

Nikamfuata Zuhura chumbani. Nikamweleza siri yako ya kisimani. Nikamwambia, mwanangu, njia ni nyepesi, jifunike shuka, fanya sauti nzito, sema unachotaka, watapiga magoti wote.

Akanitazama. Kurasa za kitabu changu alikuwa nazo kitandani, alikuwa anazisoma.

"Mama mdogo, kwa nini msichana huyu lazima afe ndipo wamsikilize?"

Nikasema ndivyo hadithi hizi zilivyo.

"Mama alisema kwa sauti ya pepo, wakamsikia. Siku aliyosema kwa sauti yake, nani alimsikia?" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuyafuta. "Mimi sijifuniki. Nikijifunika leo, sitafunuliwa tena."

Nikatoka, nikaenda barazani kwa baba.

Amezeeka, dada. Haoni vizuri, anatujua kwa sauti. Nikakaa chini nikamwambia yote ya kisimani, siri yako nikaitoa, unisamehe. Baba akauliza, "Maneno yale yale ya jikoni?"

"Yale yale, baba."

Akafuta macho kwa mkono wa kanzu. "Kumbe alikuwa anaumwa kichwa kweli," akasema. Mimi sikuwa nimemtajia habari za kichwa. Alikuwa nazo mwenyewe tangu siku ile ya marashi na ubani.

Fundi alipofika na ngoma zake, baba akamwomba radhi, akamrudisha. Akaagiza Zuhura aitwe. Mtoto akaja kichwa wazi, akakaa mkekani.

"Unataka nini?" baba akamwuliza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Sitaki kwenda Ubena. Nataka kusoma."

Sauti ilikuwa nyembamba, inatetemeka, ya mtoto wa kidato cha pili. Baba akainamisha kichwa. "Tumesikia," akasema. Akaomba apigiwe simu Ubena, na niliyoyasikia akimwambia mkwewe siyaandiki hapa, maana yule mzee bado ana ulimi.

Leo Zuhura ameamkia shule. Mimi nimeifuta sura ya kwanza. Msichana wangu hafi tena, anasema anaumwa kichwa na wanamwamini, na kitabu cha jini kimebaki bila jini. Sijui nani atakinunua, na sijali.

Lipo moja lililobaki. Jana baba alijua ninakuandikia, akaniita. Akasema, "Mwambie Mwanaidi namwomba msamaha. Yeye mwenyewe, si pepo wake."

Kwa hiyo, dada, yule msichana wako sasa ameombwa. Mimi nimeufikisha ujumbe tu. Kusamehe au kutosamehe ni juu yako, na ukikataa hatutasema ni pepo.

Mdogo wako,
Somoe